Gari Dogo Linapovishwa Taa

 

Leo nina jambo ambalo wengine mtaliona la kitoto. Kuna watu wazima huko Marekani, watu wenye kazi zao, mikopo yao ya nyumba na magoti yao yanayouma, ambao kila Desemba huitoa Jumamosi nzima kukivisha kigari shada la majani, riboni na taa za rangi. Jioni wanaingia nacho barabara kuu ya mji wao, wanakwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kikapu kichwani, wanapunga mikono mpaka mwisho wa barabara, kisha wanarudi nyumbani kukivua kila kitu. Hawalipwi. Mara nyingi hakuna hata zawadi, na ikiwepo basi ni kikombe cha kuweka kabatini. Mimi nasema watu hao wana akili timamu, tena katika gwaride zima wao ndio wa kutazamwa kwanza. Nipeni muda nieleze kwa nini.

Gwaride la Krismasi kwa upande ule wa dunia lilikulia dukani. Duka kubwa la Eaton's la Toronto, Kanada, lilianza kumpitisha Baba Krismasi mitaani mwaka 1905. Mwaka 1924 Macy's ya New York ikafanya lake: wafanyakazi wa duka waliandamana wakiwa wamevaa mavazi ya maigizo, wanyama wakaazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park, na gwaride hilo, ambalo leo linajulikana kwa Sikukuu ya Shukrani, mwaka ule liliitwa la Krismasi. Nia yao hawakuificha. Baba Krismasi aliwekwa mwisho wa msafara, na msafara uliishia dukani. Watoto wamfuate mzee, wazazi wawafuate watoto, na pochi ziwafuate wazazi.

Miji midogo ikaona, ikapenda, ikaiga kwa uwezo wake. Mji wa watu elfu nne hauna mabaluni yenye kimo cha ghorofa. Una gari la zimamoto, una bendi ya shule ya sekondari, una makanisa yake na wakulima wenye matrekta. Na una watu wenye magari yao ya kwendea kazini. Gwaride likajengwa kwa hivyo hivyo vilivyopo, na kwa maoni yangu likawa zuri kuliko lile la dukani, maana anayepita si kwamba unamjua tu, pengine unamdai.

Mpangilio haubadiliki sana ukitoka jimbo moja kwenda jingine. Mbele ni gari la polisi, nyuma yake wanajeshi wastaafu na bendera. Bendi inafuata, vidole vimekufa ganzi kwenye tarumbeta. Makanisa huja na trela zilizotandikwa majani makavu, na juu yake Mariamu na Yosefu wamejitanda mablanketi kwa sababu baridi ile si ya Bethlehemu. Farasi huwekwa nyuma, na nyuma ya farasi hutembea mtu mwenye koleo na ndoo, ambaye hupigiwa makofi mengi kuliko meya. Mwisho kabisa, juu ya gari la zimamoto, ndipo anapokuja Baba Krismasi mwenyewe.

Na juu ya mzee huyo kuna kanuni ambayo waandaaji wengi huiandika wazi kwenye fomu ya kujiandikisha: hakuna kikundi kitakacholeta Baba Krismasi wa pili. Mtu anaweza kudhani ni ubinafsi wa kamati. Lakini fikiria mtoto wa miaka minne aliyemwona mmoja kwenye pikapu ya fundi bomba, halafu dakika kumi baadaye anamwona mwingine, mnene zaidi, juu ya zimamoto. Maswali yatakayoulizwa usiku huo mezani hayana mzazi wa kuyajibu. Kwa hiyo mwenye gari dogo ana ruhusa ya kuwa kulungu, malaika, mtu wa theluji, hata biskuti ya tangawizi. Cheo cha mzee kina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye magari. Siwezi kupita bila kuwataja wazee wa Shriners. Hiki ni chama kilichoanzishwa New York mwaka 1872, na wanachama wake ni Frimasoni. Najua kwetu neno hilo likitajwa watu hushusha sauti na kutazama nyuma, na utasikia habari za majoka na utajiri wa ghafla. Basi Frimasoni wa gwaride ni babu mwenye tumbo, aliyejikunja ndani ya kigari ambacho mjukuu wake angekiona kidogo, magoti yakikaribia kidevu. Kichwani ana tarbushi nyekundu yenye kishada, ile ile ambayo msikilizaji wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa. Injini ya kigari ni ya aina ya mashine ya kukatia majani. Wanakwenda kumi au kumi na tano kwa pamoja, wanazunguka, wanachora namba nane barabarani, wanakaribia kugongana na kupishana kwa upana wa kiganja. Desemba ikifika kigari hufungwa riboni na taa mbili tatu, kwa sababu hakina pa kuweka zaidi.

Watu hucheka, na ndilo lengo. Lakini wazee hao hao ndio walioanzisha hospitali za watoto, ya kwanza ikifunguliwa mwaka 1922 huko Shreveport, Louisiana, wakati polio ilipokuwa ikilemaza watoto na wazazi wengi hawakuwa na uwezo wa kulipia matibabu ya mifupa. Kigari kinachozunguka barabarani ni tangazo la hospitali. Sijui tangazo jingine la hospitali linalomfanya mtoto acheke kabla hajafika kwa daktari.

Hata hivyo kigari cha Shriners kazi yake ni gwaride tu. Kinachonivutia mimi zaidi ni gari dogo la kweli, ambalo Jumatatu litampeleka mtu ofisini na mfuko wa chakula cha mchana. Utaziona Mini, gari lililochorwa na Alec Issigonis na kutoka kiwandani mwaka 1959, baada ya mgogoro wa Suez kuwafundisha Waingereza kubana petroli; urefu wake wa awali ulikuwa kama mita tatu tu. Utaziona Fiat 500, ambazo za mwanzo za mwaka 1957 zilikuwa fupi hata kuliko Mini. Utaona kobe wa Volkswagen, ambaye kwa mgongo wake ule huhitaji kufikiri sana: mfunge utepe mkubwa mwekundu juu, tayari ni zawadi.

Ila gari la gwaride kwa Wamarekani, mimi ningelitaja Mazda Miata. Gari la viti viwili, paa la turubai linalokunjwa, lilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari ya Chicago mwaka 1989. Kufikia mwaka 2016 Mazda walikuwa wamekwisha kutengeneza milioni moja. Klabu za wenye Miata zimeenea majimboni, na wanachama wengi ni watu wa makamo ambao watoto wao wamekwisha kuhama nyumbani, hivyo viti viwili vinawatosha. Watu wa namna hiyo wana muda, wana karakana, na wana hamu ya kuonekana bila kukiri kwamba wana hamu ya kuonekana. Gwaride la Krismasi limewafaa kabisa.

Hebu tuingie karakanani tuone Miata ya miaka ile ya mwanzo inavyovishwa, maana hapo ndipo penye ufundi.

Mgeni huanza na sumaku. Amenunua sumaku ndogo zenye kulabu, anafikiri atazibandika kwenye boneti na kuning'iniza taa. Sumaku inateleza, inaanguka sakafuni. Boneti ya gari hilo ni ya aluminiamu. Waliolitengeneza walitaka liwe jepesi, hawakuwa wakiifikiria Krismasi. Kwenye mabawa na milango ya chuma sumaku hushika, na hata hapo mwenye busara huweka kitambaa laini chini yake, kwa sababu chembe moja ya mchanga kati ya sumaku na rangi huacha mkwaruzo wa kudumu. Boneti yenyewe hutegemea tepu ya bluu ya wapaka rangi, ile isiyong'oa rangi. Tepu ya kijivu ya mafundi bomba hushika vizuri zaidi, na ndiyo sababu haifai: siku ya kuitoa hutoka na kumbukumbu.

Taa za mbele za Miata ya zamani, zile zilizotoka mpaka mwaka 1997, hulala ndani ya boneti na kuinuka. Kwa mpambaji hilo ni zawadi na ni mtego. Ni zawadi kwa sababu taa zikiinuka zinakuwa macho, na ukiyabandikia kope za karatasi nyeusi gari linapata sura ya mtu. Ni mtego kwa sababu aliyepitisha uzi wa mapambo juu ya kifuniko cha taa mchana, jioni akigusa kitufe, atasikia kitu kinakatika, na hajui kama ni uzi au ni mota.

Shada la majani linakwenda puani mwa gari. Hapo nako pana hesabu yake. Mdomo ule wa mbele ndio unaopitisha hewa kwenye rejeta, na gari linalokwenda kilomita tano kwa saa, likisimama kila hatua ishirini, halipati upepo wa mwendo. Baridi ya Desemba inasaidia, lakini shada nene likiziba mdomo wote, sindano ya joto itaanza kupanda mbele ya kanisa la Methodisti na kufika kwenye nyekundu mbele ya benki. Wazoefu huchagua shada lenye tundu pana katikati, wanalifunga pembeni kwa vifungio vya plastiki, vile mafundi umeme wanavyofungia nyaya. Halafu wanafungulia hita mpaka mwisho. Paa limekunjwa, dereva anatetemeka kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu yake inaiva. Lakini hita huchota joto la injini, kwa hiyo gari na mwenye gari wote wanafaidika. Nyuma, mapambo ya kung'aa hayasogezwi karibu na bomba la moshi. Plastiki ile haiwaki moto kwa fahari, inayeyuka na kuganda kwenye chuma, na harufu yake utaishi nayo mpaka Pasaka.

Mti wa Krismasi je? Mini huubeba juu ya paa, na watu wamezoea kuuona pale. Paa la turubai haliwezi. Kwa hiyo mwenye Miata analikunja turubai, anauketisha mti kwenye kiti cha abiria na kuufunga mkanda. Mke wa mtu anaweza kuachwa nyumbani siku hiyo kwa ajili ya mti, na wengine, nasikia, hawalalamiki kwa baridi ile.

Umeme ndio unaotenganisha waliojiandaa na waliokurupuka. Taa za Krismasi za umeme zina historia yake: Desemba ya mwaka 1882, huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliuzungushia mti balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu, ukawa mti wa kwanza wa Krismasi kuwashwa kwa umeme. Ulikuwa nyumbani kwake, si barabarani. Mwenye Miata ana betri tu, tena katika yale ya zamani ni betri ndogo iliyofichwa kwenye buti.

Kamba moja ya taa za zamani, zenye balbu mia moja ndogo za uzi wa moto, hula kama wati 40. Tundu la kuwashia sigara, ambalo ndilo watu hulitumia pamoja na inveta, kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 15, yaani kama wati 180 kwa umeme wa volti 12. Piga hesabu: kamba nne na uko ukingoni, ya tano inakuzimia kila kitu katikati ya umati. Taa za LED zimeubadilisha mchezo huu kabisa, kwa sababu kamba ya urefu ule ule hula wati tano hivi. Zipo hata kamba zinazochomekwa kwenye betri ya kuchajia simu, hazigusi umeme wa gari hata kidogo. Ninapoona gari dogo limemeremeta kuanzia bampa mpaka bampa, najua kwamba miaka thelathini iliyopita lingehitaji jenereta, na jenereta ingehitaji gari jingine la kuibeba.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo wageni hulisahau. Katika majimbo mengi taa za bluu au nyekundu zinazomulika mbele ya gari ni za polisi na zimamoto. Ndani ya gwaride barabara imefungwa na hakuna anayekujali. Gwaride likiisha, ukitoka kwenda nyumbani ukiwa bado unawaka kama doria, utasimamishwa na polisi wa kweli, naye hatakuwa na roho ya Krismasi. Zima kwanza, ndipo uingie barabara ya watu wote.

Halafu kuna pua nyekundu. Pembe mbili za kitambaa zinabanwa kwenye vioo vya milango, pua nyekundu ya sponji inafungwa mbele, na gari limekuwa Rudolph, kulungu wa Baba Krismasi. Wengi hudhani kulungu huyo ni wa hadithi za kale za Ulaya. Aliandikwa na mtumishi wa duka. Mwaka 1939 duka la Montgomery Ward la Chicago, lililozoea kununua vitabu vya kupaka rangi na kuwagawia watoto wa wateja, liliona heri litengeneze chake, likampa kazi hiyo Robert May, mwandishi wake wa matangazo. Mke wa May alifariki mwaka huo huo kwa saratani, naye akaimaliza hadithi akiwa na binti yake mdogo nyumbani. Nakala milioni 2.4 ziligawiwa msimu ule. Wimbo ulikuja miaka kumi baadaye. Kwa hiyo hata pua ile ya sponji, tukifuata nyayo zake, inaturudisha dukani.

Nilisema magari haya ndiyo ya kutazamwa kwanza. Sababu yangu ni kimo. Mtoto wa gwaride haoni kama tunavyoona sisi. Ameketi ukingoni mwa barabara, amefunikwa blanketi, macho yake yako mita moja juu ya lami, pengine chini ya hapo. Trela kubwa lenye jukwaa linampitia juu. Anachokiona yeye ni magurudumu, na sketi ya plastiki iliyofunika chuma. Waliopanda juu wanapunga mikono kwa watu wazima waliosimama nyuma yake. Gari dogo likifika, dereva ameketi chini karibu sawa na yeye. Wanatazamana usoni. Dereva anaona kwamba mtoto huyu ana mafua na yule amelala, na anaweza kumwita kwa jina kama ni jirani. Trela limejengwa ili litazamwe. Gari dogo lisilo na paa linamwonesha mtu wazi, kuanzia kifuani, na mapambo yote ya mbele na nyuma yanakuwa sababu ya kumtazama yeye.

Na gharama ya kuingia ni ndogo. Trela linahitaji kampuni, au kanisa lenye mfuko mzuri, au mwanasiasa. Gari dogo linahitaji saluni moja ya nywele, au darasa la jioni, au ndugu wawili waliopatana tena. Ndiyo maana waandaaji wenye busara hawayadharau magari madogo. Yanajaza nafasi kati ya vikundi vikubwa, na yanaingiza watu ambao vinginevyo wangebaki kusimama pembeni.

Sina maana kwamba kila kinachopita kinanifurahisha. Sipendi yale masanamu ya kupulizwa na feni, marefu kuliko gari lenyewe. Upepo ukivuma kidogo yanalala juu ya dereva, naye anaendesha kwa kukisia. Sipendi gari la muuza magari lililobandikwa bei ya mkopo na riboni moja kwa aibu. Na kamati nyingi zingefanya hisani kama zingeamua muziki upigwe na nani, kwa sababu kila gari linakuja na spika yake na wimbo wake, na aliyesimama katikati husikia nyimbo tatu za Krismasi kwa mpigo, hasikii hata mmoja. Bendi ya shule, iliyofanya mazoezi tangu Septemba, humezwa na simu iliyochomekwa kwenye redio ya gari. Hiyo ni dhuluma.

Na plastiki. Baada ya msafara, barabara imetapakaa nyuzi za kung'aa, na watu wa usafi wa mji wanaanza kazi wakati wengine wanakunywa chokoleti ya moto. Klabu inayojua adabu huacha watu wawili nyuma na mfuko.

Usalama nao si wa kupita juu juu. Zamani pipi zilirushwa kutoka kwenye magari, na watoto wakazikimbilia mpaka chini ya magurudumu. Watoto wamekufa kwa namna hiyo. Leo kamati nyingi zimepiga marufuku kurusha chochote. Pipi hutolewa mkononi na watu wanaotembea pembeni ya gari. Mwenye gari dogo analazimika kulishika sana hili, kwa sababu gari lake linavuta watoto karibu kuliko trekta linavyowavuta. Anahitaji mtembezi kila upande, na mwenyewe asimtazame shangazi yake aliye kwenye baraza wakati mguu uko kwenye klachi.

Na ipo siku ambayo kila mwandaaji anaikumbuka. Tarehe 21 Novemba 2021, huko Waukesha, jimbo la Wisconsin, mtu aliendesha gari kwa makusudi ndani ya gwaride la Krismasi. Watu sita waliuawa, na zaidi ya sitini walijeruhiwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtoto wa miaka minane, na walikuwamo mabibi wa kikundi cha kucheza ngoma. Tangu hapo miji mingi imekuwa makini zaidi kuziba njia panda kwa malori mazito ya halmashauri, yakiwa yamejazwa mchanga au chumvi ya kuyeyushia barafu. Malori hayo hayapambwi, na hakuna anayeyapigia makofi. Mwaka 2022 watu wa Waukesha walifanya gwaride lao tena.

Mambo mengine niyataje upesi. Klabu nyingi za magari hutumia siku ya gwaride kukusanya vitu vya kuchezea watoto, hasa kwa mpango wa Toys for Tots, ulioanza Los Angeles mwaka 1947 na kuendeshwa na wanajeshi wa akiba wa Marine Corps ya Marekani. Buti la Miata halibebi hata sanduku moja la maana la safari. Lakini likijazwa wanasesere na mipira, gari kumi zinatosha kulijaza pikapu.

Sasa nina neno kwa wasikilizaji wetu mlioko kule kule Marekani, na najua mpo wengi: mliotoka Kivu na Katanga, mliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na mliokwenda kwa masomo mkabaki. Wengi wenu mnaishi katika miji inayofanya magwaride haya kila mwaka, na mnayatazama kutoka pembeni, watoto wenu wakiwa kwenye bendi ya shule na ninyi mkiwa mmeshika makoti yao. Kwaya zenu zinaimba kuliko kwaya nyingi zinazopita pale. Magari yenu, Corolla na Civic zilizotumika, ni madogo ya kutosha. Fomu huchukuliwa ofisi ya mji au kwa chama cha wafanyabiashara. Huulizwa jina la kikundi, idadi ya magari, leseni ya dereva na bima. Ada mara nyingi ni ndogo, na kwa vikundi visivyo vya biashara huenda isiwepo kabisa. Kitenge kikitandazwa juu ya boneti, kikabanwa kwa tepu ya bluu na kuzungushiwa taa nyeupe za LED, hakuna shada la plastiki litakaloonekana mbele yake.

Mara nyingi gwaride huwa Jumamosi moja ya mwanzo wa Desemba, na fomu nyingi hufungwa kabla Novemba haijaisha. Nendeni mkaulize mapema.